Kimya sio sifuri

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea mno, kuna waliokuwa wameshaanza kunichangia rambirambi. Nilikuwa TP nyumbani kwetu Mafia, wiki nane, halafu nikarudi chuo nikakutana na mrundikano wa kazi, na kule nilikopangiwa mtandao ulikuwa unapatikana ukisimama chini ya mwembe mmoja tu, tena ukielekea baharini. Sasa hivi nipo kwenye kimbweta, bumu halijatoka, nimekunywa chai kavu, na nina hasira. Kwa hiyo waliokuwa wanasubiri picha za potwe wasubiri tena. Leo nagombana.

Nagombana na jamaa mmoja wa block yetu. Simtaji, anajijua. Juzi usiku tulikuwa tunapiga stori, nikawa nawaeleza mambo ya kule, jamaa akanikata: "Tatizo la nchi hii ni dawa. Nyie walimu mnapenda makaratasi. Mgonjwa anataka panadol, wewe unataka fomu." Watu wakacheka sana. Na mimi nikacheka, kwa sababu kasema vizuri. Halafu nikashindwa kulala.

Ngoja niwasimulie nilichokuwa nataka kusema kabla sijakatwa.

Nilipewa Kidato cha Pili, wanafunzi 43, na mimi ndiye niliyekuwa naita majina asubuhi. Wiki ya tatu, Jumatatu, hawapo wanne. Sikushtuka, Mafia ukiwa msimu wa pweza au kuna harusi darasa linapungua. Jumatano hawapo saba. Ijumaa kumi na mmoja. Nikauliza, darasa zima likajibu kama kwaya: "Homa, mwalimu. Na viungo." Mmoja alirudi wiki iliyofuata anatembea ameshika ukuta kama mzee wa miaka themanini. Nikampa zoezi, hakuandika. Nikamfokea. Akaniambia taratibu, "Mwalimu, vidole vimekataa." Nilimwambia aache uvivu. Hilo nitalijibu siku ya kujibu.

Wiki hiyo hiyo Bibi naye akalala. Bibi yangu anasuka mikeka. Wanaoifahamu Mafia wanajua mkeka wa kule ni kitu gani, ukindu unaanikwa, unachanwa, unatiwa rangi, halafu unasukwa miezi. Ile ndiyo iliyonilipia nauli ya boti kutoka Kilindoni hadi Nyamisati kila nilipokuwa narudi shule. Homa ilimshika siku tano. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mifupa inapigana yenyewe kwa yenyewe." Zahanati hakwenda, mbali. Alituma mtoto duka la dawa, akaletewa panadol na diklofenaki, basi. Homa ikaondoka. Maumivu ya vidole hayakuondoka. Huu ni mwezi wa nne.

Nikaenda zahanati. Sitaitaja na wala sina ugomvi na yule nesi, siku ile alikuwa peke yake na ndani kuna mama anajifungua. Nikasubiri. Alipotoka nikamsalimia, nikajieleza kuwa mimi ni mwalimu wa wale watoto, nataka kujua wanaumwa nini. Majina hakunionyesha, na alifanya sawa. Ila alifungua Kitabu namba 5 cha MTUHA, kile cha wagonjwa wa nje, akanisomea kwa sauti safu ya ugonjwa kwa watoto wa umri wa wanafunzi wangu. Malaria. UTI. Malaria. Taifodi. UTI. Homa. Malaria.

"Lakini dada, hawa si wanaumwa kitu kimoja?"

"Najua, mwalimu. Nimewaona mimi. Kipimo cha haraka cha malaria kimekataa kwa wote. Maabara sina. Sasa niandike nini?"

"Andika ulichokiona."

Akacheka. "Kuna mstari wa 'mengineyo'. Nikiandika mengineyo saba, nani ataniuliza mengineyo ni nini?"

Wadau, fanyeni hesabu. Darasani kwangu waliugua kumi na mmoja. Walioandikwa kitabuni na nesi ni saba, na sijui wangapi kati yao ni wa kwangu. Saba hao wamegawanywa kwenye majina manne. Bibi na wenzake wa duka la dawa hawapo kabisa. Mwisho wa mwezi karatasi inapanda Kilindoni inasema: malaria tatu, UTI mbili, taifodi moja, homa moja. Mtu wa wilayani akiiona atasema hali ni ya kawaida. Na hatakuwa mjinga, maana kwenye karatasi hiyo hali kweli ni ya kawaida. Ugonjwa umepita kijijini mchana kweupe, umevuka kitabu, umeondoka na vidole vya Bibi, na hakuna aliyeuona.

Sasa jamaa yangu wa block, hapa ndipo nilipokuwa nataka kufika.

Sisi wa Elimu tunasoma upimaji na tathmini. Kitu cha kwanza unachofundishwa: watahini wawili wakisahihisha karatasi moja wakatoa alama tofauti, huo mtihani haufai, hata kama maswali ni mazuri. Ndiyo maana NECTA inawakusanya wasahihishaji, wanakaa na mwongozo mmoja wanakubaliana kabla hawajagusa kalamu. Mtoto wa Jibondo na mtoto wa Karagwe wakijibu kitu kile kile wanapata alama ile ile. Hakuna anayeita mwongozo wa NECTA "makaratasi". Ukiguswa matokeo yako utaandamana.

Kwenye magonjwa kuna mwongozo wa namna hiyo. Wataalamu wanauita tafsiri sanifu ya mgonjwa. Kwa mfano surua: mtu yeyote mwenye homa na vipele, pamoja na kikohozi au mafua au macho mekundu, huyo ni mhisiwa wa surua. Hajathibitishwa, ni mhisiwa. Huhitaji maabara kumhesabu, unahitaji macho na orodha moja inayofanana nchi nzima. Maabara inakuja baadaye kusema ndiyo au hapana. Nchi za Kanda ya Afrika za WHO zilikubaliana mkakati wa ufuatiliaji wa pamoja wa magonjwa mwaka 1998, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuuanza. Magonjwa mengine unaripoti kila wiki, mengine kama kipindupindu unatakiwa kuripoti ndani ya saa 24, hata akiwa mhisiwa mmoja. Siku hizi inawezekana hata kwa simu ya kitochi. Kwa hiyo sisemi tubuni kitu kipya. Kitu kipo. Nasema kipo Dodoma na kwenye semina kuliko kilivyo mezani kwa yule dada.

Na kuna kitu kimoja kwenye mfumo huo nakipenda sana, na ndicho kichwa cha habari ya leo. Wiki ambayo hujapata mgonjwa, hutakiwi kukaa kimya. Unaandika 0. Sifuri ni taarifa, maana yake nimetafuta sikuona. Kimya maana yake labda sikutafuta, labda vocha imeisha, labda nipo semina, labda watu wanakufa. Mwalimu aliyeweka alama ya "hayupo" na mwalimu ambaye hakuita majina siku hiyo, rejista zao zinaweza kufanana kwa mbali, lakini mmoja wao hajafanya kazi.

Watu wa polio wamelipeleka hili mbali zaidi. Wao wanatafuta mtoto yeyote chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla, awe na polio au asiwe nayo. Kipimo chao cha zamani ni kwamba katika kila watoto 100,000 lazima upate angalau mmoja kwa mwaka mwenye hali hiyo kwa sababu nyingine tu, maana yapo magonjwa mengine yanayolegeza viungo. Mkoa ukisema hatujaona hata mmoja, haupewi pongezi. Unaulizwa mmelala? Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini alikuwa mwaka 1996, na bado waliendelea kutafuta watoto waliolegea viungo na kuwachukua choo mara mbili ndani ya siku 14. Ndiyo maana virusi vya polio vilivyotokana na chanjo vilipojitokeza Rukwa mwaka 2023 vilionekana. Wangekaa kimya kwa kuwa "polio iliisha", wangegundua mtoto wa ishirini.

Sasa geuza hiyo upande wa homa za viungo pwani yetu. Hapa kuna kejeli moja inaniuma. Chikungunya, ugonjwa unaokunja watu viungo, uliandikwa mara ya kwanza na wataalamu baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 uwanda wa Wamakonde, Newala. Jina lenyewe ni la Kimakonde, la kujikunja. Dunia nzima, Wahindi, Wafaransa wa Réunion, Wabrazili, wanaugua kwa lugha ya jirani zetu wa kusini. Dengi nayo ilisumbua Dar 2014 na tena 2019. Sisemi wanafunzi wangu walikuwa na chikungunya. Ndiyo hoja yenyewe, siwezi kusema. Hakuna tone la damu lililochukuliwa. Ila zaidi ya miaka 70 baada ya ugonjwa kupewa jina hapo Newala, kijana anatembea ameshika ukuta Mafia na anaandikwa UTI.

Kuna mwingine siku ile alileta hoja ya watalii. Eti mkianza kuhesabu wahisiwa, mkasema Mafia kuna homa ya ajabu, nani atakuja kuogelea na potwe? Wanaoishi kwa wageni ni ndugu zangu, Utende kule nina wajomba wanaoendesha boti, kwa hiyo hoja hii siidharau. Ila angalieni historia yetu wenyewe.

Desemba 2016 Dk. Mwele Malecela, akiwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, alitangaza matokeo ya utafiti: katika watu 533 waliopimwa, 83 walionekana kuwa na maambukizi ya Zika. Ndani ya siku chache Rais Magufuli akatengua uteuzi wake. Mimi nilikuwa shule ya msingi, lakini fikiria nesi au mganga yeyote aliyesikia habari ile redioni. Amejifunza nini kuhusu kupeleka namba juu? Na kwetu Mafia huyu mama hakuwa mgeni wa magazetini. Mpango wa kutokomeza matende na mabusha aliouongoza ulianza kugawa dawa Mafia, mwaka 2000. Bibi anakumbuka watu waliokuja kutoboa vidole usiku wa manane, kijiji kikadhani ni wachawi. Walikuja usiku kwa sababu vijidudu vya matende vinatoka kwenye damu usiku. Ukipima mchana unapata sifuri ya uongo. Sijui kama kuna somo la tathmini linalozidi hilo, na lilifundishwa kwetu, kwa sindano. Dk. Mwele alifariki Februari 2022.

Halafu 2020. Mnakumbuka wote. Namba za korona zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikagandia hapo zaidi ya mwaka mzima. Kila mtu mwenye msiba alijua 509 si namba, ni saa iliyokatika betri. Na Januari 2025, tarehe 14 WHO ikasema kuna wahisiwa 9 wa Marburg Kagera na 8 wamekufa. Wizara ikajibu vipimo havijaonyesha Marburg. Tarehe 20 Rais Samia, akiwa na Tedros wa WHO pale Dodoma, akathibitisha mgonjwa Biharamulo. Ulipotangazwa kwisha Machi 13, hesabu ilikuwa 10, wote wamekufa: wawili wamethibitishwa maabara, wanane walihesabiwa kwa tafsiri tu, kwa dalili na kwa ukaribu wao na wagonjwa, maana walishazikwa bila kupimwa. Wanane kati ya kumi! Bila tafsiri sanifu wale wanane wasingekuwepo. Wangekuwa "homa".

Sasa linganisheni na Ruangwa, Lindi, Julai 2022. Kata ya Mbekenyera walitokea wagonjwa wa homa, kichwa, wanatoka damu puani. Mtu wa kule chini akaona hawa wanafanana, akapeleka juu. Wakapimwa Ebola, Marburg, korona, hamna. Zikapita siku chache tu wizara ikatangaza hadharani: ni homa ya mgunda, ile ya kimelea cha mkojo wa wanyama, ina dawa. Wagonjwa 20, vifo 3. Nchi ilitikisika? Bukoba vijijini 2023 nako, Marburg, ugonjwa unaotisha kuliko Zika mara mia, ulitangazwa Machi 21 na ulipokwisha Juni 2 wagonjwa walikuwa 9. Tisa, wadau. Watalii waliendelea kuja Serengeti. Mtalii hakimbii nchi inayohesabu, anakimbia nchi ambayo balozi wake anamwambia hatujui kinachoendelea.

Hapo jamaa yangu nimemmaliza. Sasa nimpe haki yake, maana ana sehemu ya ukweli na mimi sio CCM wala Yanga kwamba lazima nishinde kila kitu.

Makaratasi ni mengi kweli. Yule dada ana vitabu mpaka vinatumika kuegemeza mlango. Kila mradi unaokuja unakuja na rejista yake, wa malaria wa kwake, wa kifua kikuu wa kwake, wa UKIMWI wa kwake, wa uzazi wa kwake, na kila mmoja anataka namba zake tarehe yake. Ukisema "tusanifishe" halafu ukamletea kitabu kingine, umemwonea. Kusanifisha ninakokutaka mimi kunapunguza vitabu. Karatasi moja ya dalili ukutani kwa Kiswahili kinachosomeka, sio Kiingereza cha Geneva kilichofasiriwa na mtu mwenye haraka. Safu moja ya "homa isiyo malaria, na viungo". Namba moja ya kutuma.

Na mrejesho. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote kwa sababu ni kosa la kialimu. Nilimuuliza yule dada, mara ya mwisho lini mtu wa juu alikujibu kuhusu namba ulizopeleka? Akafikiri kidogo. "Walinipigia mwaka juzi, niliruka mstari mmoja." Yaani anayewaletea kazi kila mwezi anasikia sauti yao akikosea tu. Mimi nikikusanya madaftari ya Kidato cha Pili miezi sita bila kusahihisha, mwezi wa saba wataandika nini? Wataandika chochote cha kujaza ukurasa. Hatuna haki ya kushangaa kukuta UTI nyingi Tanzania kuliko watu wenye kibofu.

Halafu shule. Nchi hii ina rejista ya mahudhurio kila darasa, kila siku, mpaka visiwani Jibondo na Bwejuu. Watoto wangu kumi na mmoja walionekana kwenye rejista yangu Ijumaa, kabla hata nesi hajamwona wa tatu. Rejista ile inakaguliwa na watu wa elimu kujua utoro. Watu wa afya hawaifungui, na sisi walimu hakuna aliyetuambia kwamba kumi na mmoja kwa wiki moja ni habari ya kupelekwa zahanati. Kwenye miaka mitatu ya kusomea ualimu nimesoma Piaget, nimesoma Nyerere, falsafa, saikolojia ya watoto. Sijafundishwa hata dakika kumi darasa likipukutika nimwambie nani. Wanaoandaa mitaala ya vyuo, mnanisikia?

Ila na mimi nina kesi yangu. Ipo namba 199 ya Wizara ya Afya, ya bure, hata mwananchi wa kawaida anapiga kueleza kitu kama hiki. Nilikuwa naijua tangu wakati wa korona. Sikupiga. Nilijiambia ni homa tu, mimi sio daktari, nikipiga nitaonekana namchongea yule dada, na supervisor alikuwa anakuja kunikagua Jumanne. Nikaandaa andalio la somo zuri kabisa, nikapata alama zangu, na kumi na mmoja wakabaki kwenye rejista. Ningepiga Ijumaa ile, pengine angekuja mtu na chupa za damu wiki iliyofuata, wakati homa bado mbichi. Sasa hivi cha kupima kwa urahisi hakipo.

Kwa hiyo wiki hii nimefanya hivi. Nilikuwa nimenakili mahudhurio yangu kwenye daftari kwa ajili ya ripoti ya TP. Nimetoa majina yote, nimebakiza umri, tarehe ya kuanza kukosekana, tarehe ya kurudi, na nani alirudi na viungo vinauma. Nimeongeza mstari mmoja wa mwanamke wa miaka 68, msusi wa mikeka. Nimeipeleka kwa mganga mkuu wa wilaya kwa mkono wa binamu yangu aliyepanda boti jana. Imechelewa, najua. Nimeandika juu kabisa kwamba imechelewa.

Bibi kapiga jana jioni. Kidole gumba cha kulia bado, kasema, lakini kaanza kamkeka kadogo ka kuswalia, mistari miwili kwa siku. Nyie mlio TP mwakani, hasa mtakaopangiwa pwani, kama mnataka nakala ya jedwali nililotumia niambieni, ni karatasi moja tu. Jamaa wa block, nakusubiri pale pale saa mbili usiku, na chai unanunua wewe.